Ungo, Nzige na Ndege Nyuki

Desemba 2022 nilifika Mwazye na droni kwenye begi, nikakaa siku kumi na mbili, nikaondoka nayo bila kuirusha hata mara moja. Baba mdogo hakunisamehe upesi. Alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani na wa kilabuni kwamba mtoto wa kaka yake anakuja na mashine ya kupiga picha kutoka juu, na kwamba ugomvi wa shamba sasa utakwisha.

Ugomvi wenyewe ni wa kawaida, vijiji vingi vya Ufipa vinao. Babu aliacha shamba nje kidogo ya kijiji. Baada ya msiba jirani yetu akalima mpaka kwenye mti mmoja mkubwa, na baba mdogo akasema mti ule uko ndani ya shamba letu. Baraza la Ardhi la Kijiji lilikaa, likawasihi wapatane, wakapatana kwa msimu mmoja. Kisha zikaja habari za hati za hakimiliki ya kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kila mtu akajua kwamba mpaka ukishaandikwa umeandikwa. "Picha haina undugu," baba mdogo aliniambia kwenye simu. "Njoo upige."

Sikupiga kwa sababu sikuwa na kibali.

Nilipowaambia rafiki zangu wa Dar es Salaam kwamba napeleka droni Sumbawanga, mmoja alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie si mna ungo tayari? Droni ya nini?" Mfipa yeyote aliyesoma nje ya Rukwa ameshausikia utani huu mpaka ameuzoea. Watu husema jina lenyewe la mji lina maana ya "tupa uchawi", na nchi nzima imeamua kwamba hatukuutupa. Nilicheka na mimi. Lakini baadaye, nikiwa najaza fomu, utani ule ulinirudia: anayeruka na ungo usiku haulizwi uzito wa ungo wake, wala urefu atakaofika, wala bima.

Mimi niliulizwa. Nchini Tanzania mambo haya yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kanuni zake za ndege zisizo na rubani ni za mwaka 2018. Kiserikali chombo hiki kinaitwa ndege nyuki. Jina hilo limetokana na Kiingereza, ambako neno drone ni nyuki dume, na inasemekana chombo hiki kilianza kuitwa hivyo baada ya Waingereza kuunda ndege ya shabaha iliyoongozwa kwa redio mwaka 1935 wakaiita Queen Bee, malkia wa nyuki. Nyuki dume haumi, hana mwiba. Sidhani aliyetafsiri alilifikiria hilo, ila mimi nimelipenda.

Unaisajili ndege nyuki kabla ya kuirusha. Unaomba kibali, na maombi yako yanapitia pia upande wa ulinzi, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Huruki juu ya futi 400, kama mita 120, kutoka usawa wa ardhi. Unaiona kwa macho yako muda wote, mchana, mbali na viwanja vya ndege, mbali na watu na nyumba zisizo zako. Kwenye hifadhi za taifa huipeleki bila ruhusa ya hifadhi. Anayefanya biashara anadaiwa zaidi: rubani aliyefunzwa, cheti cha uendeshaji, bima ya kumlipa mtu utakayemwangushia. Anayejifurahisha anadaiwa kidogo, lakini anadaiwa, hata kama kadude kake hakafiki kilo moja kama kangu.

Nilikwama kwenye swali la madhumuni. Kujifurahisha au biashara? Kupiga picha shamba la ukoo si starehe, aliyewahi kukaa kwenye baraza la ardhi anajua. Na biashara? Baba mdogo alikuwa ameniahidi debe mbili za maharage. Niliyafikiria maharage yale kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kwenye viwianishi vya mahali nikafanya kosa la kijinga. Niliandika nyuzi za Mwazye sawasawa lakini nikasahau kuonyesha kwamba ziko kusini mwa ikweta. Kwa mujibu wa maombi yangu, shamba la babu lilikuwa kwenye vinamasi vya mto Naili, Sudan Kusini. Ikabidi nianze upya, na likizo ikaisha. Kosa lilikuwa langu, ingawa kwa baba mdogo nilisema "mambo ya serikali", naye akatikisa kichwa akaridhika, kwani jibu hilo huwa halihitaji ushahidi.

Miezi ile ya kusubiri ndipo nilipoanza kuuliza ni lini anga la kwetu lilipata mlango, na nani aliyeshika ufunguo.

Jibu linaanzia ng'ambo tu ya mpaka. Mji wa Mbala, Zambia, zamani ukiitwa Abercorn, hauko mbali na sisi. Ndiko Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliposalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba 1918, vita ikiwa imeshakwisha Ulaya wiki mbili nyuma. Ndege zilikuwa zimeshaonekana kwenye Ziwa Tanganyika kabla ya hapo: mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini, wakaishambulia Kigoma kwa mabomu. Vita ilipokwisha Waingereza wakataka njia ya anga kutoka Kairo mpaka Cape Town, wakatuma watu kusafisha viwanja. Abercorn ukawa mmojawapo. Huko Ndola vibarua walibomoa vichuguu vikubwa kama nyumba ili ndege ipate pa kukimbilia.

Mapema mwaka 1920 maofisa wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walipita njia hiyo na ndege aina ya Vickers Vimy. Walitua Tabora, wakatua Abercorn. Ukichukua ramani ukachora mstari mnyoofu kati ya miji hiyo miwili, unapita juu ya uwanda wa Ufipa, karibu kabisa na kwetu. Sisemi waliufuata mstari huo. Marubani wa siku zile walifuata mito na reli na bahati. Ila napenda kufikiri kwamba kuna mtu wa Mwazye aliyeinua kichwa akiwa na jembe mkononi. Ndege ile ilianguka Bulawayo, wakamalizia safari na nyingine.

Wakati huo mlango ulikuwa umeshawekwa. Wanasheria wa Ulaya walikuwa na msemo wa Kilatini wa zamani kwamba mwenye ardhi anamiliki kwenda juu mpaka mbinguni. Ndege ziliufanya msemo huo uwe wa hatari, kwa kuwa kila mwenye bustani angeweza kudai ushuru. Kwa hiyo tarehe 13 Oktoba 1919, mjini Paris, mataifa yakakubaliana kwamba anga lililo juu ya nchi ni la dola, lote. Mwenye shamba akabaki na shamba. Na kwetu hata shamba si lake hasa: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Baba mdogo ana haki ya kulitumia. Juu yake hana kitu.

Mwaka 1927 Waingereza wakatoa amri ya usafiri wa anga kwa makoloni na nchi za udhamini, Tanganyika ikiwemo. Mwaka uliofuata, 1928, Tanganyika ikapata Sheria ya Uchawi, ambayo mpaka leo imo kwenye vitabu vya sheria zetu. Niliposoma tarehe hizo mbili kwa kufuatana nilimpigia simu rafiki yangu wa utani wa ungo. Ndani ya miaka miwili serikali ya kikoloni iliwashughulikia wanaoruka wa aina zote mbili, nikamwambia, tena ungo ukapata sheria ya kwake peke yake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ndege isiyo na rubani iliandikiwa sheria kabla watu wengi hawajaiota. Mwaka 1929 mkataba wa Paris uliongezewa kifungu juu yake. Kisha Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, ndio unaotawala anga la dunia mpaka leo, ukaweka kifungu cha 8: chombo kinachoweza kuruka bila rubani kisiruke juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo, na kila nchi ihakikishe vyombo hivyo havihatarishi ndege za kiraia. Ulaya ilikuwa imetoka kushuhudia makombora ya Wajerumani yakianguka London yenyewe, bila mtu ndani, na hofu ile ndiyo iliyokuwa mezani. Tanganyika iliingia katika mkataba huo mwaka 1962, ikiwa bado na joto la uhuru. Kwa hiyo kijana anayenunua droni Kariakoo leo na kushangaa kwa nini jeshi linaulizwa, asidhani ni wivu wa ofisa fulani. Swali hilo lina umri wa babu yake.

Lakini historia ya mikataba ni historia ya waliokaa mezani. Niliporudi Mwazye nilimuuliza bibi kama anakumbuka ndege ya kwanza aliyoiona.

Bibi ni mtu wa bondeni, alizaliwa upande wa Ziwa Rukwa akaolewa huku juu. Watu wa bondeni wanajua habari za nzige kuliko mtu yeyote. Nzige wekundu wanazaliana kwenye mbuga za Rukwa, zile zinazojaa maji na kukauka. Baa lililoanza mwaka 1930 na kudumu mpaka 1944 lilisambaa karibu Afrika yote ya kusini mwa ikweta, na bonde letu likatajwa miongoni mwa vitovu vyake. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake makuu yakiwa palepale Abercorn. Walianza na watu wa ardhini na magari, baadaye wakaleta ndege za kupulizia dawa, miongoni mwake DNOC, sumu ya rangi ya njano inayong'ang'ania ngozi na nguo.

"Ilipita chini mpaka mbuzi wakakata kamba," bibi alisema. "Sisi watoto tukaingia chini ya vitanda. Mama alitoka kwenda kufunika mtungi wa maji."

"Nani aliwaambia kwamba itakuja?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mjini. "Nani angetuambia? Ndege inapiga hodi?"

Nikamuuliza kama walichukia. Akasema hapana, nzige walikuwa wabaya zaidi. Mama yake alikuwa amewahi kula mizizi kwa sababu yao. Waliyemchukia ni bwana mmoja aliyekuja na gari baada ya siku kadhaa, akazungukazunguka akiandika kwenye daftari, asimsalimie mtu.

Nimelibeba jibu hilo. Kazi ile ilikuwa na maana, na inaendelea: mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuzima mlipuko wa nzige wekundu Tanzania, zikiwemo mbuga za Iku-Katavi na za Ziwa Rukwa, safari hii kwa ndege zilizopulizia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu badala ya sumu ile ya njano. Tangu 1919 hadi leo ruhusa ya kupita juu ya bonde lile imeombwa ofisini. Sijaona mahali ilipoombwa kwa mama wa bibi yangu.

Droni zilipoingia nchini ziliingia kwa mtindo uleule, kwa nia njema na haraka. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu walianza kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayofurika mvua zikinyesha, picha nyingine zikipigwa kwa droni. Mwaka 2016 Zanzibar ikaanza kupiga picha Unguja na Pemba zote, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa warushaji. Mwaka huohuo Rwanda ikaanza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za kampuni ya Zipline, na Agosti 2017 ikatangazwa kwamba Tanzania ingekuwa na vituo vinne vya namna hiyo, cha kwanza Dodoma. Mpango ule haukuruka kama ulivyotangazwa. Ghana ndiyo iliyofuata, mwaka 2019. Mwaka 2018 droni ilisafirisha dawa kutoka bara kwenda kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Yote haya yalitokea sheria ikikimbia nyuma yake: waraka wa mamlaka ulitoka mwanzoni mwa 2017, kanuni kamili mwishoni mwa 2018.

Wakenya walipita njia ngumu zaidi. Huko droni zilizuiliwa kwanza, kanuni za kwanza Bunge likazifuta mwaka 2018, na mpya zikaja 2020. Vijana wetu wa video za harusi hulalamika kwamba Tanzania inabana. Kwa upande mmoja nawaelewa, kibali cha siku moja ya harusi kinaweza kuchelewa kuliko mahari. Kwa upande mwingine nimekaa kwenye uwanja wa bibi yangu, pale anapoogea nyuma ya uzio wa mabua usio na paa, na sijui nimweleze vipi kwamba kuna macho yanayoweza kusimama juu ya uzio huo bila ngazi.

Kibali changu kilitoka mwaka 2023. Nikafika Mwazye mwezi wa Julai, upepo ukiwa mkali na asubuhi baridi ya kukunja vidole. Baba mdogo alitaka tuende shambani moja kwa moja. Nikamwambia kwanza twende kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa jirani. Kwa mwenyekiti alikubali. Kwa jirani alinuna.

"Karatasi si unayo? Imesema umwombe yeye?"

Haikusema. Nilikwenda peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ile mashine." Hakuuliza swali. Alivaa koti, akachukua fimbo, akatangulia. Njiani akaniuliza kitu kimoja tu: picha atapewa nani. Nikasema tutaiangalia wote. Akasema, "Haya."

Tulikuwa kama watu 20 tulipofika, watoto wakiwa wengi zaidi. Niliwasogeza nyuma kama kanuni zinavyotaka, wakasogea na kurudi, wakasogea na kurudi. Kwenye hewa nyepesi ya uwanda mashine inatumia nguvu nyingi, na upepo uliisukuma kuelekea upande ambao ardhi inaporomoka. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo karatasi haikunifundisha: futi 400 zinapimwa kutoka ardhini, na Ufipa ardhi ina tabia ya kuondoka. Mtu akisimama kwenye ukingo juu ya bonde la Rukwa, au kwenye maporomoko ya Kalambo, anaweza kuwa halali, asogee kidogo mbele, awe mvunja sheria bila kupanda hata futi moja. Pale Kalambo atakuwa pia ameingia Zambia.

Niliirusha dakika 11.

Jioni tukakaa kwenye uwanja wa baba mdogo, kompyuta juu ya kiti, baba mdogo upande mmoja, jirani upande wa pili, bibi kwenye mkeka. Kwanza waliangalia kijiji chao: kanisa la misheni, bati moja baada ya jingine, njia za miguu ambazo hakuna aliyezichora. Bibi alitafuta paa lake akalipata. Kisha shamba. Mashamba yetu yana matuta ya mviringo, yale wazee wanayaita intumba, ambayo majani hufukiwa ndani yaoze. Kutoka juu yanaonekana kama vipele vilivyopangwa. Na katikati ya vipele, hafifu, rangi tofauti kidogo ya majani makavu, kulikuwa na mstari.

Kuna Mwingereza aliyeitwa O. G. S. Crawford, aliyekuwa mwangalizi kwenye ndege za vita ya kwanza, ambaye miaka ya 1920 aliwafundisha wanaakiolojia kusoma mistari ya namna hiyo. Ardhi iliyoachwa bila kulimwa kwa miaka mingi, au iliyokanyagwa, haisahau; mimea juu yake inaota tofauti, na tofauti hiyo huonekana vizuri ukiwa juu kuliko ukiwa umesimama ndani yake. Mstari wetu ulikuwa mpana kama hatua mbili. Ni upana wa mpaka wa zamani, ule ambao majirani walikuwa wakiuacha kati yao bila kuulima.

Mstari haukupita kwenye mti. Ulipita upande wetu, hatua 30 au 40 ndani ya sehemu tunayoilima sisi.

Hakuna aliyesema kitu. Jirani alisogeza uso karibu na kioo, akaweka kidole, akakiondoa. Bibi, ambaye alilima shamba lile kabla baba mdogo hajazaliwa, alikuwa anafungua na kufunga fundo la kanga yake. Mwishowe jirani akasimama, akasema amechelewa kufunga ng'ombe, akatuaga mmojammoja kwa heshima zote.

Alipopotea gizani baba mdogo akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo picha ifute."

Nikamwambia picha ya droni si ushahidi wa upimaji, mpaka rasmi unapimwa na wenye kazi yao. Ni kweli, lakini sikuwa nimeulizwa hilo. Niliitoa karatasi ya kibali nikaisoma tena kwenye mwanga wa simu, yote, mpaka muhuri. Ilitaja chombo, mahali, tarehe na urefu.

"Bibi," nikasema, "mstari ule ni nini?"

"Muulize baba yako mdogo," akajibu. "Yeye ndiye aliyekuita."

Kadi ya kumbukumbu niliitoa kwenye droni nikaitia kwenye mfuko wa shati. Asubuhi nilipopanda gari la Sumbawanga ilikuwa bado imo, na jirani yetu alikuwa amesimama kando ya barabara na fimbo yake, akaniinulia mkono.